Uani au Kiwandani? Uchaguzi wa Vipuri vya Breki katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, 1965–2025

Utangulizi

Uchaguzi wa kipuri cha breki hauhesabiwi kwa kawaida kuwa suala la historia. Huachiwa fundi, mwenye gari na mfuko wake. Hata hivyo, katika mikoa ya Iringa na Mbeya, ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupanda Mlima Kitonga, hukatiza nyanda za juu, kisha huteremka mara kadhaa kabla ya kufika Tunduma, uchaguzi huo umefanywa kila siku tangu malori ya kwanza ya mafuta yalipoelekea Zambia mwishoni mwa mwaka 1965. Gharama ya kuukosea haijawahi kuwa ndogo. Tarehe 7 Juni 2025, katika mteremko wa Mlima Iwambi, Mbeya, lori liliyagonga magari mengine na watu 28 wakapoteza maisha. Taarifa za awali zilitaja kufeli kwa breki. Wasafiri wa mikoa hii wamezoea kuyasikia maneno hayo mawili, kufeli kwa breki, kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza yanamaanisha nini.

Insha hii inachunguza kwa nini wenye magari wa Nyanda za Juu Kusini wameendelea kutumia breki zilizokarabatiwa uani, yaani katika gereji za mitaani na katika yadi za wenye magari wenyewe, badala ya vipuri vilivyoundwa upya kiwandani. Jibu lililozoeleka ni bei, na linapoonekana halitoshi huongezewa ujinga wa mafundi. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti. Ukarabati wa uani na uundaji upya wa kiwandani, ijapokuwa hutazamwa kama mahasimu, husimama juu ya nguzo moja: kuwapo kwa magari mengi ya aina moja. Nguzo hiyo ilikuwapo katika mikoa hii kwa muda, ikaondoka, na ujuzi uliojengwa juu yake ukabaki.

Maana ya istilahi

Maneno kukarabati na kuunda upya hutumika kwa kubadilishana katika mazungumzo ya gereji, lakini katika insha hii yametenganishwa. Kukarabati ni kurudisha kipuri kwenye hali ya kufanya kazi: fundi anabandua lainingi iliyokwisha kwenye shuu ya breki, anapigilia mpya kwa riveti, au anafungua masta silinda, anabadilisha mipira yake na kuirudisha mahali pake. Kuunda upya ni kukirudisha kipuri kwenye vipimo vya awali vya mtengenezaji, kukijaribu, na kukitolea dhamana isiyopungua ile ya kipuri kipya. Ndivyo sanifu ya Uingereza, BS 8887, ilivyolipambanua jambo hilo mwaka 2009. Tofauti kati ya kazi hizi mbili haimo katika usafi wa sakafu wala katika aina ya mikono. Imo katika kipimo na dhamana.

Uundaji upya wa kiwandani una sharti moja ambalo wanunuzi wa Afrika Mashariki hawalikuti mara kwa mara. Kiwanda hakianzi na chuma kipya. Huanza na ganda la zamani. Mnunuzi hurudisha kalipa au shuu zake kuukuu, hupewa zilizoundwa upya, na asiporudisha ganda hulipa ziada. Biashara hiyo huhitaji maelfu ya maganda yanayofanana, mtu wa kuyakusanya, na usafiri wa bei ndogo wa kuyarudisha. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Ganda la shuu ya lori ni pande la chuma zito, na thamani yake huisha kabla halijafika Mikumi.

Barabara kabla ya lami

Kabla ya uhuru, usafirishaji wa Nyanda za Juu Kusini ulitegemea malori machache ya wafanyabiashara, yale yaliyohudumia machimbo ya dhahabu ya Lupa wilayani Chunya katika miaka ya 1930, pamoja na huduma za barabara za shirika la reli. Mzigo ulikuwa mdogo na mwendo wa pole. Breki hazikuwa jambo kuu. Matope ndiyo yaliyokuwa.

Hali iligeuka tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru. Zambia, ambayo shaba yake ilitoka na mafuta yake yaliingia kupitia kusini, ililazimika kutafuta njia ya mashariki. Barabara iliyopita Morogoro, Iringa na Mbeya, kwa sehemu kubwa ya udongo, ghafla ikabebeshwa mahitaji ya nchi nzima. Madereva wa kigeni waliiita mbio za jehanamu. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ambamo serikali hizo mbili zilishirikiana na wabia wa Kiitalia, na malori yake yalikuwa ya Fiat, yakivuta matela. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968 na kupunguza mzigo wa mapipa, lakini shaba na bidhaa nyingine ziliendelea kupita barabarani hadi reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilipokabidhiwa mwaka 1976. Lami nayo ilikuwa imekwisha kutandikwa katika nusu ya kwanza ya miaka hiyo ya 1970.

Kwa historia ya breki, jambo lenye uzito zaidi katika kipindi hicho si idadi ya malori bali kufanana kwake. Mjini Mbeya liko eneo liitwalo Mafiati, jina ambalo kwa umbo lake ni Fiat katika wingi. Fundi aliyefanya kazi ya breki katika msafara wa malori ya aina moja alikutana na dramu ileile, shuu ileile na riveti ileile wiki baada ya wiki. Alijua kwa macho lainingi mpya inapaswa kuwa na unene gani, dramu ikichongwa mara ya pili inabaki vipi, na gari likirudi kutoka safari ya mlimani harufu yake inasema nini. Ujuzi wa namna hii haukuandikwa, lakini haukuwa wa kubahatisha. Ulikuwa kipimo kilichohamia mkononi.

Joshua Grace, katika African Motors (2021), ameonyesha jinsi mafundi wa Tanzania walivyojenga utaalamu kamili nje ya karakana rasmi, chini ya miti na katika viwanja vya wazi, na akapinga dhana kwamba gereji ya mtaani ni nakala duni ya ile ya Ulaya. Kwa kiasi kikubwa msimamo huo unakubalika. Jambo linalohitaji kuongezwa, hasa kwa upande wa breki, ni swali la masharti: utaalamu huo ulitegemea nini ili uwe salama, na nini kilitokea masharti yake yalipobadilika?

Uhaba

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, uagizaji wa magari na vipuri uliingia hatua kwa hatua mikononi mwa mashirika ya umma, na katika miaka ya 1970 Shirika la Magari la Taifa likawa ndilo mlango wa bidhaa hizo. Mlango ulipungua upana kadiri fedha za kigeni zilivyopungua. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilimeza magari na fedha pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, lori kusimama miezi kadhaa kwa kukosa kipuri kidogo halikuwa jambo la kushangaza.

Katika hali hiyo uchaguzi kati ya uani na kiwandani haukuwapo kwa maana halisi. Kipuri cha kiwandani hakikuwapo dukani. Mwenye lori alikuwa na ganda lake tu, na fundi aliyeweza kulivika lainingi. Ganda likawa mali ya kutunzwa. Likipelekwa kwa fundi, mwenyewe au utingo wake hulisubiri, kwa sababu ganda likipotea haliwezi kununuliwa lingine. Hapa ndipo mila ya kutotengana na ganda ilipopata nguvu, na mila hiyo ni kinyume kabisa cha ule utaratibu wa kubadilishana ambao kiwanda cha kuunda upya hukitegemea. Mtu aliyekulia katika uhaba haelewi kwa urahisi kwa nini aache shuu zake kwa mfanyabiashara na kuondoka na za mtu mwingine, hata kama hizo za pili ni bora.

Serikali haikukaa bila kufanya lolote. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka huohuo iliweka wajibu wa kisheria wa kuwa na breki zinazofanya kazi. Kiwanda cha TAMCO cha Kibaha kiliunganisha malori ya Scania, na Scania ikawa, kwa wasafirishaji wengi, mrithi wa Fiat. Kufanana kwa magari kuliendelea kwa muda kwa njia hiyo, ingawa kwa jina jingine.

Soko huria na mtawanyiko wa aina

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe, na mageuzi yaliyofuata kuanzia mwaka 1986 yaliukamilisha mwelekeo huo. Magari yalirudi barabarani. Yalirudi, hata hivyo, kwa namna mpya: yametumika Japani, yametumika Ulaya, yamepitia Dubai, ya miaka tofauti na viwanda tofauti. Katika kituo kimoja cha mabasi cha Mbeya yaliweza kuonekana Hiace, Coaster, Rosa na Civilian, na nyuma yake malori ya Scania, Mercedes-Benz, DAF, Isuzu na Fuso. Mafundi walewale wakapokea dramu zisizofanana.

Hapa ndipo hoja ya insha hii inapoegemea. Mkono uliozoea aina moja hauwezi kukumbuka aina thelathini. Kila dramu huwa na kipenyo cha juu kabisa ambacho ikichongwa kupita hapo haipaswi kurudi barabarani. Aghalabu kipimo hicho huchorwa kwenye ukingo wa dramu yenyewe. Kila gari lina aina ya lainingi inayolingana na uzito wake na ukubwa wa breki zake. Wakati wa Fiat mambo haya yangeweza kukaa kichwani. Baada ya mwaka 1984 yalihitaji kuandikwa na kupimwa, na ni katika miaka hiyohiyo ambapo mashirika yaliyokuwa na karakana, vitabu vya huduma na ghala za vipuri yalidhoofika, hadi Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilipoanza kuyauza au kuyafunga katika miaka ya 1990. Mafundi wao walitawanyika mitaani wakiwa na ujuzi. Vifaa vya kupimia havikutawanyika nao kwa kiasi hicho.

Kiwanda cha kuunda upya nacho hakikuja, na sababu ni ileile. Maganda ya Mbeya na Iringa yalikuwa mengi kwa jumla lakini machache kwa kila aina. Aliyetaka kuepuka gereji ya mtaani hakuwa na kipuri kilichoundwa upya cha kukimbilia. Alikuwa na vipuri vipya kutoka maduka ya Gerezani, Kariakoo, ambavyo vingine ni vya asili na vingine ni bandia vilivyofungwa katika boksi lenye jina la heshima, au vilivyotumika vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Kwa hiyo swali la mwenye gari wa Ipogolo au Uyole halijawahi kuwa la uani dhidi ya kiwandani. Limekuwa la uani dhidi ya boksi. Na boksi, tofauti na fundi, halina mahali pa kurudishiwa lawama. Fundi anajulikana jina, ukoo na mtaa, akikosea atapatikana. Hii ni dhamana ya aina yake, na wachunguzi wanaolaumu upendeleo wa mafundi wa mitaani wameidharau mno.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Hata hivyo, dhamana ya kumjua mtu haipimi chuma. Ni lazima kutofautisha kazi ambazo ukarabati wa uani unaziweza na zile ambazo hauziwezi, kwa kuwa mjadala mwingi huzichanganya.

Kubadilisha mipira ya silinda ni kazi ya uani kwa haki kabisa, alimradi ndani ya silinda pawe laini. Pakiwa na kutu au vishimo, kusugua kwa msasa hukiondoa kishimo kwa macho na kuacha kipenyo kikubwa zaidi ya mpira. Breki hushika vizuri siku ya kwanza, kisha kanyagio huanza kuzama polepole mguu ukiwa juu yake. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Katika mji kama Mbeya, ulioko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na wenye masika marefu, chupa iliyoachwa wazi kwenye rafu ya gereji ni hatari isiyo na dalili.

Lainingi ni ngumu zaidi kuhukumu. Shuu iliyopigwa riveti vizuri, kuanzia katikati kuelekea pembeni ili lainingi isibaki na mwanya, huweza kuwa imara sawa na ya kiwandani. Lakini uimara si msuguano. Vipande viwili vya lainingi vyenye rangi moja na unene mmoja huweza kutofautiana sana vikipata joto, na hakuna jicho linaloweza kuliona hilo. Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu lainingi za kubadilishia, huruhusu utendaji utofautiane na ule wa awali kwa asilimia 15 tu, na hilo hujulikana kwa kujaribu, si kwa kuangalia. Zaidi ya hayo, lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na fundi aliyepuliza vumbi la dramu kwa upepo wa kompresa alivuta ndani yale ambayo madhara yake hujitokeza baada ya miongo. Afya ya mafundi wa kizazi hicho haina nafasi katika historia za barabara hii, na ni upungufu mkubwa.

Kuhusu joto lenyewe, hesabu ndogo inatosha. Lori la tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, linaposhuka mita 100 za wima bila kuongeza mwendo hulazimika kutoa nishati inayokaribia megajuli 55. Hiyo ni sawa na kuchemsha zaidi ya lita 160 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Injini ikiwa kwenye gia ndogo hubeba sehemu ya kazi hiyo. Dereva akiwa kwenye gia kubwa, karibu yote huingia kwenye dramu.

Ushahidi wa ajali na mipaka yake

Mwanahistoria anayetegemea taarifa za ajali kupima ubora wa vipuri hukutana hapa na kizuizi. Neno kufeli kwa breki hufunika mambo yasiyohusiana: lainingi iliyopoteza msuguano kwa joto, upepo uliovuja, mafuta yaliyochemka, marekebisho ya shuu yaliyotofautiana kati ya tairi la kushoto na la kulia, kipuri bandia, na uzito uliozidi. Lori lenye breki zilizoundwa upya katika kiwanda bora cha Ulaya, likiteremka Iwambi kwa gia isiyofaa, litafeli. Lori lenye shuu zilizopigwa riveti Mafiati, likishuka polepole huku dereva akiiachia injini izuie, litafika Mbalizi. Baada ya ajali, dramu zikiwa zimeungua, ni vigumu kutenganisha lainingi iliyokuwa mbovu tangu mwanzo na ile iliyoharibiwa na mteremko wenyewe.

Kwa sababu hiyo madai mawili yanayosikika mara nyingi hayana msingi wa kutosha. La kwanza ni kwamba ajali za Nyanda za Juu Kusini zinathibitisha ubovu wa mafundi wa mitaani. La pili, ambalo hutolewa na baadhi ya wasafirishaji, ni kwamba miaka mingi ya kutumia breki za uani bila ajali inathibitisha ubora wake. Yote mawili husoma matokeo ya mteremko, dereva, mzigo na kipuri kana kwamba yalitokana na kipuri peke yake.

Ukaguzi wa magari umeongezeka tangu miaka ya 1970, pamoja na stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama, na TBS ilianza mwaka 2012 kutaka bidhaa zikaguliwe kabla ya kusafirishwa kuja nchini. Hatua hizo zinalenga boksi linaloingia bandarini na gari linalosimama mbele ya askari. Kazi inayofanyika katikati, pale ganda lilelile la zamani linapovikwa lainingi kwa mara ya tatu au ya nne, haikaguliwi na yeyote ila fundi.

Mabadiliko ya teknolojia yanaanza kuupunguza uwanja huo. Magari madogo na mengi ya mabasi mapya yana breki za diski, na pedi zake hutupwa zikiisha; hakuna ganda la kusubiriwa uani. Kazi ya riveti inazidi kubaki kwa malori na matela, yaani kwa vyombo vilevile vyenye uzito mkubwa kuliko vyote mlimani. Wakati huohuo baadhi ya kampuni za usafirishaji zimeanza tena kununua malori ya aina moja kwa makumi, na katika yadi za namna hiyo hali ya enzi ya Fiat inajirudia: dramu ileile, shuu ileile, mkono uleule. Tofauti ni kwamba sasa kipimo cha mwisho cha dramu kimechorwa kwenye ukingo wake, na kifaa cha kukisoma hununuliwa kwa gharama ndogo kuliko seti moja ya lainingi.